Ekari mbili hazitoshi? Angalia kwanza kile usichokilima

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa simu yangu haipoi. Mkulima anapiga, mara nyingi ana ekari mbili tu, yaani hatua 70 kwa 70 mara mbili, mahindi yameliwa na jua au bei imeanguka, na swali ni lile lile, afisa nipande nini kinacholipa? Zamani nilikuwa nataja zao. Siku hizi namuuliza, shambani kwako kuna nini ambacho hukilimi na wala hukiuzi? Watu wananyamaza kidogo hapo. Halafu mmoja anakumbuka lile korongo lililojaa vichaka, mwingine ana mifenesi imesimama tu tangu enzi za babu yake, mwingine kisima hakikauki mwaka mzima, na mama mmoja aliniambia ana ekari nzima hajaigusa misimu mitatu maana nguvu zimeisha na watoto wapo mjini. Basi tunaanzia hapo.

Mimi ni afisa ugani, nazunguka vijiji vya milima ya Usambara Mashariki, kwahiyo mifano yangu mingi ni ya huku Tanga, wewe wa Singida au Kagera utapima na mazingira yako.

Tuanze na hiyo mifenesi. Huku kwetu pilipili manga inatambaa juu ya mti uliokwisha simama, huhitaji kufyeka wala kuongeza ekari, unapanda mche pembeni ya shina, unaufunga taratibu ili upande juu, na kuanzia kama mwaka wa tatu unaanza kuchuma. Mfenesi unaendelea kuzaa mafenesi yake kama kawaida. Ukipanda mitiki mpakani nayo ni hela, ila hiyo jamani ni hela ya mjukuu, miaka 20 na zaidi, usije ukaipigia hesabu ya ada ya mwakani.

Korongo sasa. Korongo lenye vichaka na maua ni la nyuki, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapoharibu. Kuna mzee mmoja alikuja ofisini amekasirika, katundika mizinga kumi mwaka mzima nyuki wameingia kwenye miwili tu na hiyo miwili nayo haivuniki. Nikaenda. Mizinga nane ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta mpaka ndani, bado inanuka, tena ipo juani kutwa nzima, nyuki gani atakaa humo? Ile miwili yenye nyuki nikaifungua jioni, nikainua kiunzi cha kwanza, yaani kile kipande cha mbao ambacho nyuki wananing'iniza sega, vikaja vitatu kwa pamoja, masega yameungana, asali inamwagika, nyuki wamechachamaa. Nikatoa rula. Fundi alikuwa amechonga viunzi vya milimita 40. Nyuki wetu wa Afrika wanataka kiunzi chenye upana wa milimita 32, hapo wanajenga sega moja kwa kila kiunzi, limenyooka, unalitoa kama unavyotoa daftari kwenye rafu. Ukizidisha hizo milimita chache tu wanajenga wanavyotaka wao, mshazari, na mzinga wa kisasa unageuka kuwa gogo la bei ghali.

Kwahiyo mzinga usipake rangi ndani, paka nta kidogo chini ya viunzi wasikie harufu ya nyumbani, tundika kivulini karibu na maji, waya upake grisi sisimizi wasipande, na uwe mbali na nyumba, njia na zizi. Hilo la zizi nalisema kwa uchungu, nimeshaona mbuzi aliyefungwa kamba karibu na mzinga, hakuwa na pa kukimbilia.

Kuvuna nako kuna haraka ya ajabu. Sega ambalo halijazibwa kwa nta bado lina maji mengi, ukilichanganya humo asali inachacha ndani ya ndoo na mteja wako wa kwanza ndo anakuwa wa mwisho. Subiri angalau robo tatu ya sega iwe imezibwa. Na nta usiitupe! Bado naona watu wanakamua asali halafu makapi yanamwagwa jalalani, wakati watengeneza mishumaa na vipodozi wananunua hiyo nta. Wale nyuki wadogo wasiouma ndo wanafaa kukaa hata ubavuni mwa nyumba, asali yao ni kidogo sana ila bei yake iko juu kuliko ya nyuki wakubwa, kwa mama mwenye kiwanja kidogo sioni kitu rahisi kuliko hicho.

Sasa soko, maana hapa ndo penye kilio. Wenzetu wa Amani, huku huku Usambara Mashariki, walianza kufuga vipepeo mwaka 2003, na siyo utani, watu wazima wanafuga vipepeo. Unatengeneza kibanda cha wavu, unapanda humo majani anayokula kiwavi, kipepeo anataga, kiwavi anakua, akishajifunga ndani ya ganda lake, yaani amekuwa pupa, anachumwa na kupakiwa vizuri anasafirishwa kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Inabidi afike kabla hajatoka kwenye ganda, kwahiyo ni mbio za siku chache tu. Mradi kama huo ulishaanza Kenya, Gede pale karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993. Huku Amani hela ilikuwa inaingia, na watu wakaanza kuulinda msitu kwa sababu vipepeo wa mbegu, wale wa kuanzishia uzazi, wanatoka humo. Ikafika Machi 2016 serikali yetu ya Tanzania ikasimamisha kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia kwenye hilo zuio. Vibanda vipo, viwavi wanakula, mnunuzi hafikiki. Mfugaji hakukosea popote kwenye ufugaji wake ila mnunuzi alikuwa wa aina moja, na njia ya kumfikia ilikuwa moja. Kule Zanzibar, kijiji cha Pete karibu na msitu wa Jozani, mtalii ndo anakuja mwenyewe kulipia kuwaona, hiyo ni njia nyingine kabisa kwa mdudu yule yule.

Upande wa pili kuna dili za mkumbo. Mnakumbuka kware? Kenya 2013 kwenda 2014 kila mtu alikuwa anafuga kware, mayai eti yanatibu kila kitu, walionunua kwa bei juu ndo walikuwa wafugaji wapya wenyewe, wakaisha wafugaji wapya na bei ikaanguka. Ukiona wateja wakubwa wa bidhaa ni watu wanaotaka nao waanze kuizalisha, kaa pembeni.

Yule mama wa ekari isiyoguswa nilimshauri akodishe, na hilo siyo aibu, ni kipato. Ila iandikwe, mipaka, miaka, bei, nani anavuna miti iliyomo, na mashahidi wa serikali ya kijiji wasaini. Hata hawa wanaopita siku hizi na habari za kaboni, yaani kukulipa kwa kutunza miti inayonyonya hewa ya ukaa, dawa ni hiyo hiyo, mikataba yao ni ya miaka mingi, usisaini siku ya kwanza, mpelekee mtu anayeelewa aisome.

Kuhusu mtaji, vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu waulizie mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, haina riba. Ila kwa nyuki sishauri mtu akakope aanze na mizinga ishirini. Anza na miwili, na kabla fundi hajachonga vyote mwambie achonge kiunzi kimoja, ukilete ofisini tukipime.