Je, wajua? Mbona stesheni za reli kati ya Moshi na Arusha ziko porini, na historia yake inatafutwaje

Ukipanda gari Moshi kwenda Arusha, unapita Kikafu, Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Usa River, Tengeru, na sehemu kubwa ya safari reli huioni kabisa. Wengi wanadhani imekaa kando ya barabara kama kule Same na Hedaru, kumbe yenyewe imekatiza huko chini Rundugai kwenye joto na vumbi. Na huko huko wilaya ya Hai kuna kijiji kinaitwa Sanya Stesheni, yaani jina limebaki la stesheni hata kwa mtoto ambaye kwa miaka yake yote ya shule hakuwahi kuona abiria akishuka kwenye treni. Sasa mtu anauliza, hivi nani alikuwa na akili ya kujenga stesheni huko, wakati watu wote na kahawa yao wako juu mlimani?

Jibu ni kwamba injinia wa reli hatafuti watu, anatafuta mwinuko mdogo. Juu kwenye barabara ya lami mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu imechimba makorongo ya kutisha, aliyepita daraja la Kikafu anajua, na kila korongo ni daraja na kila daraja ni hela. Halafu Moshi iko kama mita 800 toka usawa wa bahari na Arusha inakaribia 1,400, na treni ya mizigo haipandi kama landrova, inataka mwinuko wa polepole kwa kilomita nyingi, kwa hiyo laini ikapita kwenye tambarare ambako mito imeshatulia.

Stesheni yenyewe nayo mara nyingi haikuwekwa kwa ajili ya abiria. Reli yetu ni njia moja, treni inayopanda na inayoshuka zikikutana lazima mmoja amsubiri mwenzake pembeni, hivyo kila baada ya kilomita kadhaa inawekwa njia ya kupishania na mtu wa kusimamia, na huyo mtu anahitaji ofisi na nyumba na simu ya kuongea na stesheni ya mbele, hapo tayari una stesheni hata kama majirani ni swala tu. Enzi za injini za mvuke kulikuwa na suala la maji, maana injini ilibidi ijazwe njiani. Na kuna mzigo, upande wa Tanga hasa, mashamba ya mkonge yalikuwa na vireli vyao vidogo vya matrole vinavyoleta singa mpaka stesheni. Kijiji kilikuja baadaye kufuata kazi, maji na biashara ya ndizi na mayai ya kuchemsha dirishani.

Sasa tuseme unataka kujua historia ya kistesheni kimoja kilichofungwa zamani, bati limeng'olewa, mnazi mmoja na kuta. Unaanzia wapi?

Kwanza jua laini ilifika lini, maana hapa kwetu kila ukuta mnene ni "wa Mjerumani". Reli ya Usambara, ndiyo laini yetu hii ya kutoka Tanga, ilianza mwaka 1893, ikaenda kwa kusuasua vibaya sana, kampuni iliyoianzisha ikaishiwa pesa na serikali ya Ujerumani ikaichukua mwaka 1899, Korogwe ikafika 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, yaani miaka 18 kwa kama kilomita 350. Hapo ndipo na mji wenyewe ukashuka, boma lilikuwa Old Moshi huko juu lakini reli haikupanda, basi mji ukajengwa ilipoishia reli. Kutoka Moshi kwenda Arusha ni habari nyingine kabisa, hiyo ni ya Mwingereza na treni ilifika Arusha mwaka 1929. Kwa hiyo mzee akikwambia stesheni ya upande wa Usa River ilijengwa na Mjerumani, msikilize kwa heshima zote, ila usiandike.

Baada ya hapo ndio unasoma chuma, na hii ndio sehemu mimi naipenda kuliko zote. Reli ina umbo kama herufi I, pale katikati penye ubavu mwembamba kiwanda huwa kinaacha maandishi yaliyoinuka, jina la kiwanda na mwaka, na mara nyingine vistari vya kuhesabia mwezi, kila baada ya mita kadhaa yanajirudia. Piga brashi ya waya taratibu, usimulike kwa mbele bali weka tochi pembeni mwanga ulale, hata mchana kivuli kidogo kinatosha, au pitisha chaki ubapa na herufi zinatokea zenyewe. Lakini angalia usidanganyike, mwaka ule ni wa kiwanda sio wa stesheni. Tena reli za njia kuu zikichakaa huwa zinang'olewa na kuhamishiwa njia za pembeni ambako treni inatembea polepole, ndio maana unaweza kukuta njia ya pembeni ina chuma kikongwe kuliko njia kuu, na stesheni ya mwaka 1929 ikawa na kipande cha reli cha kabla ya vita ya kwanza. Chuma kinakwambia stesheni haikuwekewa reli hiyo kabla ya mwaka fulani, basi. Mataruma nayo, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, yaangalie, Mjerumani alipenda sana ya chuma kwa sababu mchwa wa huku ya mbao walikuwa wanayamaliza.

Kabla ya kuinama na brashi yako pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji ujitambulishe na uwe na ruhusa ya shirika la reli, laini hii inafanya kazi siku hizi, na mtu anayesugua reli peke yake porini kila mtu anajua ni wa chuma chakavu, utaeleza mambo ya historia polisi huko.

Karatasi sasa. Hapa ndipo watu wengi wanakwama, kwa sababu stesheni moja imebadilisha mwenyewe mara nne au tano na kila mwenyewe aliondoka na mafaili yake. Ya Mjerumani mengine yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na mengine Berlin kwenye hifadhi yao ya taifa, fungu la wizara ya makoloni linaitwa R 1001, na ukitafuta kwenye intaneti andika Moschi na Aruscha kama wao walivyoandika, ukiandika Moshi utakosa vingi. Chuo kikuu cha Frankfurt wameweka picha za zamani za enzi hizo mtandaoni, bure kabisa. Ya Mwingereza barua za serikali ya Tanganyika ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, fungu CO 691. Halafu mwaka 1948 reli zote za Afrika Mashariki zikaunganishwa na makao makuu yakawa Nairobi, kwa hiyo usishangae habari za stesheni ya Hai kuzikuta kwenye makumbusho ya reli Nairobi na sio Dar. Ukisoma ratiba za zamani kumbuka pia Mjerumani anahesabu kilomita, Mwingereza maili na futi, kisha tukarudi kilomita, nimeona watu wanabishana stesheni "ilihamishwa" kumbe ni maili tu.

Kama umeshindwa kusafiri kote huko tafuta ramani za zamani za 1:50,000, zile zilizochorwa kuanzia miaka ya 50, zinaonyesha stesheni na njia zake, ukiweka pembeni ya picha ya setilaiti unaona kilichobaki.

Wazee usiwaulize mwaka. Uliza kama ni kabla ya Uhuru au baada, kabla ya Azimio, kabla mpaka wa Kenya haujafungwa 1977, kabla ya vita ya Amin. Hilo la 1977 kwa Kahe ni kubwa sana, maana Kahe ndipo laini ya Voi kupitia Taveta ilipoungana na ya kwetu, Waingereza waliileta mwaka 1916 wakiwa vitani, na kupitia hapo mizigo ya Moshi ilikuwa inakwenda Mombasa, Jumuiya ilipovunjika na mpaka kufungwa shughuli ya Kahe kama makutano ikapoa. Halafu usimkimbilie stesheni masta tu, yule alikuwa anahamishwa kila baada ya muda na mara nyingi sio mtu wa pale. Watafute familia za wale wa genge waliokuwa wanatengeneza njia, na kina mama waliouza dirishani, hao hawakuhamishwa popote na wanakumbuka treni gani ilikuja saa ngapi na siku gani haikuja tena.

Na tarehe zenyewe usizibane sana. Moshi tu utakuta imeandikwa 1911 kwingine 1912, kwa sababu reli kufika ni siku moja na kufunguliwa rasmi ni nyingine. Kufungwa ndio balaa zaidi, treni ya abiria kuja huku ilikufa miaka ya 90, ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, lakini stesheni ndogo inaweza kuwa ilishaondolewa wafanyakazi miaka mingi kabla huku treni bado zinapita, wala hakuna aliyetangaza popote kwamba imefungwa. Hapo chukua ratiba za kazi za shirika mwaka hadi mwaka, uone ni ipi jina lake halimo tena.