Wimbo Usio na Jina

Flashi iliyo mbele yangu niliinunua wiki iliyopita soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, ikiwa imekwisha kujazwa. GB 8: rumba, kwaya, muziki wa Zambia. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ya studio, ukurasa mzima ulijaa “Track 01”, “Track 02”, kuendelea. Nikaifungua ya 14. Wimbo huo niliurekodi mwenyewe mtaa wa Katuba, na akina mama kumi na wawili wa kwaya. Umeme ulirudi saa kumi usiku, jogoo wa jirani akaingia katika ubeti wa pili, tukaurudia mpaka kukapambazuka.

Kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu, watu huniuliza: kupakua wimbo bila kulipa ni wizi? Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na tumo katika Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda kazi za watunzi, tangu 1963. Anayenakili kazi ya mwenzake na kuiuza bila idhini ameivunja sheria hiyo. Lakini aliyeibiwa mbuzi hana mbuzi tena, na aliyenakiliwa wimbo bado anao. Ndiyo maana vijana hujitetea: nimemwondolea nini? Wanastahili kujibiwa vizuri.

Mtunzi ana haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya mali: kuuza, kulipwa redio ikipiga. Ya pili sheria huiita haki ya kimaadili, nami naiita haki ya jina: kazi itambulike kuwa yake, isiharibiwe. Ya mali anaweza kumuuzia mtu, ya jina inabaki naye hata akishauza ile nyingine. Iliingizwa katika Mkataba wa Berne mwaka 1928, huko Roma.

Kwetu naona hii ya pili ndiyo inayouma zaidi. Wanamuziki wengi ninaowarekodi hawaishi kwa kuuza nyimbo. Wanaishi kwa kuitwa: arusi, matanga, sherehe za kanisa. Wimbo ukisambaa unawatafutia kazi, mradi jina lisambae nao.

Na faili ya MP3 ina mahali pa jina. Katika muundo wa kwanza ni baiti 128 tu, mwishoni mwa faili: herufi 30 za wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, kisha mwaka, maelezo na aina ya muziki. Wimbo wa dakika nne huchukua karibu MB 4, yaani baiti milioni nne hivi, kwa hiyo kulifuta jina hakuokoi chochote. Linapotea kwa uzembe: mtu anatoa sauti kwenye video, sauti inapita, jina linabaki nyuma.

Mwezi wa nane familia moja ya Kamalondo iliwatafuta waimbaji wa wimbo ule wa Katuba kwa arusi ya binti yao. Wakamuuliza kijana aliyewauzia flashi. Hakujua. Wakaita kwaya nyingine, na wakati wa kukata keki wimbo wetu ukapigwa kwenye spika. Mama Prezidenti wa kwaya alisikia habari hiyo kwa dada yake, akanijia studio. Hakudai faranga hata moja. “Papa, sauti zetu zilikuwa pale. Sisi tulikuwa wapi?”

Mwanafunzi asiye na kadi ya benki, anayepakua wimbo unaouzwa kwa kadi tu ili ausikilize chumbani kwake, simhukumu kwa ukali. Lakini bei ya flashi iliyojazwa inazidi ya flashi tupu, na ziada hiyo ni jasho la waimbaji. Nayasema haya nami nikiwa na deni: nilianza kazi na programu ya kurekodia iliyovunjwa kufuli, nikalipisha wateja kwayo miaka mitatu. Nimelijutia hilo. Leo natumia Audacity, ambayo walioiandika wameruhusu kila mtu aitumie na kuinakili. Ni bure pia, ila wenyewe wametoa idhini.

Jumamosi nilirudi kwa yule kijana aliyeniuzia flashi, na kompyuta yangu. Sikumtishia na sheria. Tulikaa kwenye benchi lake, nikamwonyesha mahali pa kuandika, akaandika polepole: jina la kwaya, Katuba, namba ya simu niliyopewa na Mama Prezidenti. Kisha akafungua wimbo uliofuata.

“Na huu ni wa nani, Papa?”

Niliusikiliza mara mbili. Sikuujua.