Maana ya usimamizi wa mahitaji ya usafiri

Foleni ikizidi, wazo la kwanza la watu wengi ni kupanua barabara. Usimamizi wa mahitaji ya usafiri huanzia upande wa pili. Hauulizi barabara itabeba magari mangapi, bali kwa nini watu wengi hivi wanalazimika kupita hapa, saa hii, karibu kila mmoja peke yake ndani ya gari lake. Ni jumla ya hatua zinazogusa saa ya kusafiri, njia ya kupita na chombo cha kutumia, na wakati mwingine zinazoondoa kabisa haja ya safari yenyewe, ili barabara zilizopo zitoshe.

Dhana hii ilipata nguvu katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda ghafla. Wengine huisikia na kudhani inakusudia kuwazuia watu kusafiri. Sivyo. Mtu haamki asubuhi akiwa na hamu ya safari. Anataka kufika kazini, shuleni au hospitali. Kinachosimamiwa ni namna ya kufika.

Ili kuelewa kwa nini hatua ndogo zinaweza kuleta nafuu kubwa, tazama barabara inavyojaa. Magari yakiwa machache, likiongezeka moja hakuna anayelihisi. Barabara ikikaribia kujaa, kila gari linaloingia huwachelewesha wote walio nyuma yake, na dereva mmoja akikanyaga breki, mstari mzima husimama. Kwa hiyo sehemu ndogo tu ya magari ikiondoka saa ya msongamano, mwendo hubadilika sana. Kila anayeendesha gari ameyaona haya wakati wa likizo za shule: magari mengi bado yapo, lakini njia imefunguka.

Kupanua barabara hakuleti nafuu hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1962 mchumi Anthony Downs alieleza kwamba barabara kuu ya mjini ikiongezwa, wale waliokuwa wakiikwepa hurudi: aliyekuwa akitoka alfajiri, aliyekuwa akipita pembeni, aliyekuwa akipanda treni. Houston, Marekani, ilipanua barabara ya Katy Freeway, kazi iliyokamilika mwaka 2008, hadi sehemu nyingine zikafikia njia 26 za magari zilizo sambamba, zikihesabiwa na za pembeni. Miaka michache baadaye foleni za asubuhi na jioni zilikuwa zimerudi.

Hatua yenye nguvu zaidi ni tozo ya kuingia katikati ya mji. Singapore ilianza Juni 1975: magari yalitakiwa kuwa na kibali cha kulipia kuanzia saa 1:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na gari lenye watu wanne au zaidi lilisamehewa. Madereva wakasubiri saa hizo zipite ndipo waingie, foleni ikahamia baada ya saa 3:30, na serikali ikalazimika kusogeza muda hadi saa 4:15. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kuliko wowote kwamba watu husogeza safari zao wakipewa sababu.

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, inafundisha jambo jingine. Agosti 2005 mji uliongeza mabasi, na magari barabarani hayakupungua kwa kiasi cha maana. Januari 2006 tozo ya majaribio ilipoanza, magari yanayovuka mpaka wa eneo la tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Mabasi peke yake hayakutosha. Lakini tozo bila mabasi ingekuwa dhuluma, kwa sababu asiye na namna nyingine ya kufika angelipa tu na kuendelea kukaa kwenye foleni. Ndiyo maana ninaamini mabasi yatangulie, hata kama hayaonyeshi matokeo siku hiyo hiyo.

Kupiga marufuku kwa namba za gari huonekana rahisi, nami ndiyo hatua ninayoiamini kidogo zaidi. Mexico City ilianza mwaka 1989 kuzuia kila gari siku moja ya wiki kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. Familia zilizoweza zilinunua gari la pili lenye namba tofauti, mara nyingi kuukuu lenye moshi mwingi.

Kupishanisha saa za kuingia kazini na kufanyia kazi nyumbani siku kadhaa hakuhitaji maelezo marefu. Maegesho yanahitaji, kwa kuwa husahaulika. Mwajiri anayetoa maegesho ya bure huwa anamlipa mfanyakazi aje na gari, na anayekuja kwa basi au baiskeli hapati kitu. California ilitunga sheria mwaka 1992 inayowataka baadhi ya waajiri wampe mfanyakazi asiyetaka maegesho hayo fedha taslimu zenye thamani ileile.