Kikapu, jiko na jalala: dhana potofu kuhusu mazingira majumbani mwetu

Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku, maneno "rafiki wa mazingira" yamebandikwa kila mahali: kwenye mifuko ya sokoni, vikombe vya kahawa, sabuni, hata sahani za kutupa. Katikati ya matangazo hayo, familia inayotaka kwa dhati kupunguza uchafu inajikuta inatoa hela kwa jambo dogo huku kubwa likiipita. Mimi hujiuliza mambo matatu: kitu kimetoka wapi, kitatumika mara ngapi, na kikichoka kitaishia wapi. Tuanze na mfuko, kwa kuwa ndio ulioleta mabishano mengi.

"Mfuko mbadala si plastiki"

Rwanda ilitangulia kukataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Pengo likajazwa na ile mifuko laini yenye vidoti vidoti, inayouzwa kila genge na ambayo wengi wanaiita ya kitambaa. Shika mmoja uutazame kwa karibu. Hauna uzi uliofumwa; ukivuta pembeni unatoa manyoya badala ya nyuzi, na ukiusogeza kwenye moto unanywea na kuyeyuka. Ni polipropilini, plastiki ileile ya ndoo na viti, ila imegeuzwa nyuzinyuzi na kubanwa kwa joto.

Kwa hiyo tuutupe? Hapana. Mfuko huo ukiwa mzito wa kutosha unakwenda sokoni miezi na miezi, na ndiyo maana Shirika la Viwango Tanzania linataka uwe na angalau gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Wenye madhara ni ule mwepesi unaochanika siku ya pili, kwani huo ni rambo lenye sura mpya. Kenya ilitangaza kuukataza mwaka 2019 kwa sababu ya ubora duni.

Pamba nayo ina gharama yake: shamba, maji, dawa za wadudu, kiwanda. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu iliyowashangaza wengi. Mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo mchango wake katika joto la dunia ushuke hadi kulingana na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Wa karatasi mara 3, wa polipropilini mara 11. Namba hizo hazipimi rambo lililoziba mtaro wakati wa masika wala lililomo tumboni mwa ng'ombe, hivyo hazitetei kurudi tulikotoka. Zinachosema ni kwamba mifuko mitano ya pamba iliyogawiwa kwenye semina na kulala kabatini haijaokoa kitu. Ule mmoja ulionao tayari, hata ukiwa umefifia maandishi, ndio bora kuliko wote. Na kama hauna, kikapu cha ukindu kinachosukwa hapahapa kinabeba nyanya bila kuziponda na kikichakaa kinarudi udongoni chenyewe.

"Kimeandikwa kinaoza, basi kitaoza"

Kitaoza wapi? Vikombe na vijiko vingi vinavyouzwa kwa jina hilo ni vya plastiki itokanayo na mahindi au miwa, iitwayo PLA. Inaoza vizuri kwenye mitambo maalumu ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Shimo la taka la nyuma ya nyumba halifiki huko, bahari wala haikaribii, na kikombe hicho kikianguka ufukweni kitakaa miaka kama vikombe vingine. Ipo na plastiki iliyotiwa kemikali ili ivunjikevunjike upesi juani. Hiyo ni mbaya zaidi, maana inageuka chembe ndogo zisizookoteka. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni bidhaa za aina hiyo kuanzia Julai 2021.

"Ukichoma takataka umezimaliza"

Hili linaniuma kwa sababu linafanyika jikoni kwetu, mbele ya watoto. Mkaa umegoma kushika, mtu anachukua kipande cha nailoni au chupa ya soda, anakiwasha, matone meusi yanadondokea mkaa, moto unashika. Dakika mbili baadaye sufuria la uji liko juu yake. Plastiki inayoungua kwa moto hafifu haiishi, inabadilika kuwa masizi na gesi zenye sumu. Zile za PVC, kama vipande vya mabomba na mipira ya nyaya za umeme, hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Majivu yakitupwa uani, kuku wa kienyeji anayadonoa, na sehemu ya sumu hiyo inahamia kwenye yai. Kuwashia jiko, vifuu, magunzi na vibanzi vikavu vinatosha kabisa.

"Mkaa ni wa asili, gesi ndiyo chafu"

Hapa ndipo penye uzito, kuliko mifuko yote. Anayesema hivi ana nusu ya ukweli: gesi ya mitungi inatokana na mafuta na gesi asilia ya ardhini, haioti tena, na mti unaota. Lakini fuata mkaa hadi porini. Kwenye tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa inakula kilo 5 hadi 10 za kuni, na nishati nyingi inapotea na moshi kabla gunia halijafungwa. Mti unaota tena pale tu msitu unapoachwa upumzike. Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, Morogoro, wanakijiji wamewahi kuvuna mkaa kwa vitalu vidogo na kuviacha vichipue kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi. Huo unaweza kuitwa mkaa endelevu. Gunia lililopita usiku bila kibali si endelevu hata kidogo.

Na tusisahau mpishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jikoni hao ni mama, dada wa kazi na mtoto aliyebebwa mgongoni. Ndiyo maana mimi siipingi gesi hata kama si nishati jadidifu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya watu wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na mtungi utakuwa sehemu kubwa ya safari hiyo.

Kisha inakuja kauli niliyoisikia katika kila nyumba: "Sawa, chai kwa gesi, lakini maharage ni mkaa, umeme utatufilisi." Tupige hesabu. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa mbili bila kuzimwa linakula uniti 3, na hapo hofu ina haki. Ila jiko la umeme la presha la wati 1,000 haliwaki muda wote. Linavuta umeme kwa nguvu mpaka presha ijae, kisha linajizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi, kwa sababu joto limefungiwa ndani. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa chini ya uniti moja, mara nyingi chini ya nusu. Kasoro ni bei ya kulinunua, ambayo kwa kaya nyingi ni mzigo mkubwa kwa mkupuo, na hapo ndipo mikopo ya vikoba na malipo ya kidogokidogo yanapohitajika kuliko mahubiri. Asiye nalo anaweza kuanza na kulowesha. Maharage yaliyolala majini yanapunguza muda wa kupika, uwe wa gesi, mkaa au kuni, na hayadai senti.

"Maisha ya kijani ni ya wenye hela"

Duka la kisasa likikuuzia brashi ya mianzi kwa bei ya kuku, ni rahisi kuamini hivyo. Lakini dodoki linasugua vyombo sawasawa na sponji ya plastiki, na linaota kwenye uzio. Makumbi ya nazi yanang'arisha masufuria. Fundi cherehani anayegeuza kola ya shati na fundi viatu wa pembeni ya barabara wanarefusha maisha ya vitu kuliko bidhaa yoyote yenye jani kwenye lebo.

"Nachomoa chaja, nimeokoa umeme"

Chomoa, si vibaya, lakini chaja isiyo na simu inavuta kiasi kidogo mno. Umeme mwingi wa nyumbani unaliwa na friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliochoka, pasi, na hita ya maji. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60.

"Mti ni mti, panda wowote"

Mikaratusi inakua haraka, inatoa nguzo na kuni, na penye ardhi kavu ya mlimani inafaa kwa biashara. Karibu na chemchemi ni habari nyingine, kwani inanyonya maji mengi. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira wa Kenya, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Shule au msikiti unaotaka kivuli uani upande mwembe au mkungu. Kandokando ya kijito ifaayo ni mikuyu, na uipande mvua zinapoanza, kisha apatikane mtu wa kuimwagilia kiangazi cha kwanza na kuiwekea miba mbuzi wasiifikie.