Maua ya kujiotea ni nini, na unayasimamiaje?

Maua ya kujiotea ni yale yanayochanua, yakakauka na kudondosha mbegu yenyewe, kisha msimu unaofuata miche ikachipua bila mtu kupanda. Mengi ni ya msimu mmoja: mmea mama hufa, mbegu hubaki ardhini. Kosmosi, zinia na balsamu ndiyo yanayojulikana zaidi.

Hali ya hewa ya Kigoma inayafaa. Mvua huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuendelea hadi wa tano hivi, kisha kiangazi kinashika. Mbegu hulala kwenye udongo mkavu miezi yote hiyo na kuamka na mvua za kwanza.

Adui yao mkubwa ni ufagio. Kufagia uwanja kila asubuhi ni desturi njema, lakini mbegu huzolewa pamoja na majani hadi jalalani, na ndiyo maana mara nyingi utakuta kosmosi imestawi pembeni ya jalala wakati bustani ni tupu. Tenga kipande, kizungushie mawe, na kila mtu nyumbani ajue kuwa hapo hapafagiliwi. Kama nyumba iko kwenye mteremko, weka mawe hayo upande wa chini, la sivyo maji ya mvua yatahamishia maua yako kwa jirani.

Wengi hudhani maua haya hayana kazi. Kazi ipo: badala ya kupanda, unachagua. Uchaguzi wa kwanza ni pale maua yanaponyauka. Acha vichwa vichache kwenye mimea yenye afya na rangi unayoipenda. Vingine vikate kabla havijakauka. Balsamu inataka jicho la karibu. Kidonge chake chenye manyoya laini huvimba kikikomaa, na ukikigusa tu kinapasuka, kuta zinajikunja na mbegu zinaruka mbali. Usipoitaka ienee, chuma vidonge vingali vigumu na vya kijani.

Uchaguzi wa pili ni wiki chache baada ya mvua kuanza, na hapa ndipo maua mengi yanapotea, kwa sababu jembe la palizi halitofautishi. Jifunze sura ya miche ikingali midogo. Ya kosmosi ina majani yaliyochanikachanika. Ya zinia ina majani mazima, yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, na ukiyapapasa yanakwaruza. Ukishaitambua, punguzia: kati ya mche na mche iachie shubiri moja au zaidi. Miche iliyosongamana hurefuka, hulala na kuchanua kidogo.

Mbegu za dukani za chotara zinaweza kukupa watoto wasiofanana na mama. Ukitaka rangi ileile, anza na mbegu za kawaida.

Alizeti mwitu, lile ua refu la njano la kando ya barabara lenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ningekushauri usiliache lijiotee kamwe. Huenea haraka na kufunika mimea mingine. Likate kabla ya kukomaza mbegu, majani yafukie shambani kwani ni mbolea nzuri, na mashina yaanike juani yakauke kabisa, maana kipande kibichi kikiachwa kwenye udongo wenye unyevu huota mizizi.