Kodi ya hitilafu ya gari P0171 haimaanishi sensa imekufa
Jamani hii tabia ya taa ya chek injini kuwaka, gari linapimwa kwa mashine, inatoka P0171, fundi anakwambia oksijeni sensa (ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi) imekufa kanunue nyingine, tuiache. P0171 inasema tu hewa imezidi mafuta, na sensa ndo iliyotoa taarifa, sasa unamfukuzaje mlinzi aliyekuamsha?

Tafuta kwanza hewa inapopenya. Zima injini, shika ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la eafilta, ukunje uangalie ndani ya mikunjo, ufa hupenda kujificha upande wa chini. Washa, sikiliza vipaipu vya vakyumu (vile vyembamba vinavyovutwa hewa na injini) kama kuna ssss ya hewa kupenya. Ukikosa, zima tena, safisha sensa ya hewa (siyo ile ya oksijeni, hii inapima hewa inayoingia kwenye injini) kwa sprei yake, ule waya wa ndani yake usiuguse kabisa, ni laini mno. Pampu ya mafuta ikichoka nayo huleta kodi hiyohiyo.