Vita vya Marekani na Kura Ambazo Hazikupigwa

Kila Washington inapopeleka manowari mahali, wachambuzi huibuka kama uyoga, na kila mmoja ana uhakika wake. Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue pa kupunguza chumvi: mimi ni wa mrengo wa kushoto, sipendi vita, na nachukia zaidi vita ambavyo hakuna mwanasiasa anayekubali kwamba ni vyake. Ila hata sisi wa upande huu tuna hekaya zetu, na baadhi zimo humu.

Dhana: Rais wa Marekani ndiye anayetangaza vita

Katiba yao inasema vingine. Ibara ya kwanza, kifungu cha nane, inalipatia Bunge, yaani Baraza la Wawakilishi pamoja na Seneti, mamlaka ya kutangaza vita. Rais ni amiri jeshi mkuu, yaani anaongoza vita ambavyo wengine wameshaamua vipiganwe. Hayo ni maandishi. Kwa vitendo, mara ya mwisho Bunge hilo kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Ukiyaamini makaratasi, tangu hapo Marekani imekaa kwa amani tupu. Korea, walikokufa Wamarekani zaidi ya 36,000, Rais Truman aliridhia iitwe operesheni ya polisi. Vietnam, iliyoua wengine zaidi ya 58,000, ilipiganwa kwa azimio.

Mwaka 1973 Bunge lilijifanya limechoka. Likapitisha sheria ya mamlaka ya vita na kuishinda kura ya turufu ya Rais Nixon: rais akipeleka askari kwenye mapigano, sharti alitaarifu Bunge ndani ya saa 48, na bila idhini awaondoe baada ya siku 60, pamoja na 30 za kufungasha. Sheria nzuri, na marais wa vyama vyote viwili wameizunguka. Libya mwaka 2011 ilipofika siku ya 60, mabomu yakiwa bado yanadondoka, wanasheria wa Obama walieleza kwamba yale hayakuwa mapigano kwa maana ya sheria, kwa kuwa hakukuwa na askari wa Marekani ardhini na upande wa pili haukuwa na uwezo wa kujibu ipasavyo. Kwa mantiki hiyo, ukimpiga mtu asiyeweza kukurudishia, hamjapigana. Juni 2025 Trump alipiga vituo vya nyuklia vya Iran, Fordow, Natanz na Isfahan, bila kura yoyote. Siku chache baadaye Seneti ikaletewa azimio la kumtaka aombe idhini kabla ya kuendelea. Lilianguka kwa kura 47 dhidi ya 53.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanadhani Bunge limenyang'anywa madaraka yake. Limeyaacha mlangoni lenyewe, likagonga na kukimbia. Idhini ya mwaka 2001, iliyopitishwa siku tatu baada ya Septemba 11, ina maneno 60 hivi kwenye kifungu chake kikuu. Haitaji nchi. Haitaji tarehe ya mwisho. Katika Baraza la Wawakilishi ilipata kura 420 dhidi ya moja, ya Barbara Lee wa California, aliyeonya kwamba wanatoa hundi isiyojazwa kiasi. Alitishiwa kuuawa, ikabidi apewe ulinzi wa polisi. Baadaye idhini hiyohiyo ikatumika dhidi ya Al-Shabaab huko Somalia na Dola la Kiislamu huko Syria, makundi ambayo siku ile inapitishwa hayakuwepo.

Na kwa nini wabunge wasipige kura? Muulize Hillary Clinton. Kura yake ya ndiyo kuhusu Iraq mwaka 2002 ilimfuata hadi kampeni ya 2008, na Obama, ambaye wakati wa kura ile hakuwa hata seneta, akaitumia bila huruma. Kura iliyopigwa huwa na jina pembeni. Ile isiyopigwa haina mwenyewe, na mbunge anabaki huru kusubiri: vita vikienda vizuri alikuwepo, vikienda vibaya hakuulizwa.

Dhana: Warepublican ni watu wa vita, Wademocrat ni watu wa amani

Hii ni yetu, na ningependa sana iwe kweli. Truman aliyeingia Korea alikuwa Democrat. Johnson aliyeizamisha nchi Vietnam alikuwa Democrat pia, kwa kutumia azimio la Ghuba ya Tonkin la Agosti 1964, lililopita kwa kura 416 bila pingamizi katika Baraza la Wawakilishi, na Seneti wakalikataa wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening. Sehemu ya ushahidi ilikuwa shambulio la tarehe 4 Agosti dhidi ya meli za kivita za Marekani. Shambulio hilo halikutokea.

Mwaka 2002 maseneta 29 kati ya 50 wa Democrat waliunga mkono vita vya Iraq, wakiwemo John Kerry, Hillary Clinton na Joe Biden. Angalia orodha hiyo tena: wote watatu chama kiliwasimamisha baadaye kugombea urais. Kwa haki, katika Baraza la Wawakilishi Wademocrat wengi zaidi, 126 dhidi ya 81, walikataa. Upande wa pili, aliyetia saini na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti mkataba wa 1987 wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati ni Reagan. Na aliyesimama Januari 1961 kuonya kuhusu ushirika wa jeshi na viwanda vya silaha alikuwa Eisenhower, Republican na jenerali wa nyota tano. Watu wa mrengo wetu tunamnukuu Eisenhower mara nyingi kuliko chama chake chenyewe kinavyomkumbuka.

Dhana: Vyombo vya habari vya Marekani ni vya mrengo wa kushoto na hupinga vita

Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje, alikwenda Umoja wa Mataifa kueleza silaha za Iraq, na magazeti makubwa yakampokea kwa makofi. Mwezi huohuo MSNBC, kituo kinachosemwa ni cha kushoto, kilikifuta kipindi cha Phil Donahue, aliyekuwa akiwapa nafasi wapinga vita. New York Times ilichapisha maelezo ya kujikosoa Mei 2004, zaidi ya mwaka mmoja baada ya uvamizi. Waliotilia shaka mapema na kuandika hivyo walikuwa waandishi wa Knight Ridder, kampuni ya magazeti ya miji ya kawaida, ambayo haikuwa na gazeti lake Washington wala New York. Silaha hazikupatikana. Wengi wa wachambuzi waliokosea hawakupoteza kazi.

Dhana: Fedha za Marekani zinaishia kwenye misaada ya nje

Kwa miaka mingi kura za maoni zimeonyesha Wamarekani wakikisia kwamba robo hivi ya bajeti yao huenda nje. Ukweli ni kama asilimia moja, na kwenye asilimia hiyo ndimo ulimokuwa mpango wa dawa za Ukimwi ulioanzishwa na Bush mwaka 2003, ambao umeokoa mamilioni ya maisha. USAID ilifungwa rasmi Julai 2025 kwa jina la kubana matumizi. Jeshi, wakati huohuo, lilitumia mwaka 2024 karibu dola bilioni 997 kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm, yaani asilimia 37 ya matumizi yote ya kijeshi duniani. Mwenye nyumba amezima taa ya veranda na kuacha jenereta linaunguruma.

Dhana: Pesa hizo zinakwenda kwa askari

Zingine ndiyo. Lakini takriban nusu ya bajeti ya Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, huishia kwa makampuni yenye mikataba, na mikataba hugawanywa kwa akili nyingi kuliko baadhi ya vita vyenyewe. Ndege ya F-35, ambayo ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, inakadiria itagharimu zaidi ya dola trilioni 2 katika uhai wake wote, ina wauzaji wa vipuri katika majimbo zaidi ya 45. GAO ilikuta kwamba hadi Machi 2023 ni kama asilimia 55 tu ya ndege hizo zilizokuwa tayari kwa kazi wakati wowote ule. Ikatokea seneta akataka kuupunguza mradi, atakuta kiwanda kimoja kiko kwake, kingine kwa jirani yake, na chama cha wafanyakazi kimeshaandika barua.

Mwaka 2012 jeshi la nchi kavu lenyewe liliomba lisitishe kwa muda utengenezaji wa vifaru vya Abrams. Mkuu wake, Jenerali Odierno, alikwenda bungeni kueleza kwamba vifaru vipo vya kutosha. Bunge likamsikiliza kwa heshima, kisha likatoa pesa za vifaru. Kiwanda kiko Lima, Ohio, na wabunge wa vyama vyote viwili, ambao hawakubaliani hata juu ya saa, walikubaliana juu ya Lima.

Halafu kuna vitabu vya hesabu. Pentagon ilifanyiwa ukaguzi kamili kwa mara ya kwanza mwaka 2018, ingawa sheria ya kuidai hesabu ni ya mwaka 1990. Tangu hapo haijawahi kupata hati safi. Si kwamba ilipewa hati chafu: wakaguzi hushindwa kutoa maoni kabisa, kwa sababu kumbukumbu hazitoshi kusema lolote kuhusu mali yenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 3. Kati ya matawi ya jeshi, lililoibuka na hati safi ni kikosi cha Marine, na ilikuwa habari kubwa. Mama anayeomba msaada wa chakula Marekani hudaiwa karatasi za mshahara.

Askari, tuliyeambiwa pesa ni zake, aonekana Julai 2022. Muswada wa kuwatibu waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan ulikwama Seneti, na kamera zikanasa maseneta wakigonganisha ngumi kwa furaha baada ya kura. Maveterani walilala kwenye ngazi za Bunge hadi muswada ukapita tarehe 2 Agosti, kura 86 kwa 11.

Dhana: Raia wa kawaida wanaubeba mzigo wa vita

Wachache wanaubeba kweli. Uandikishaji wa lazima uliisha mwaka 1973, na walio jeshini kwa sasa hawafiki asilimia moja ya watu wote. Kodi nayo: mwaka uleule wa kuivamia Iraq, 2003, Bush alipunguza kodi. Vita vilikopwa. Mtoto wako hachukuliwi, mshahara wako haukatwi zaidi, mbunge wako hapigi kura. Mtu anaulizwa nini hapo, hata akaandamane?

Dhana: Rais ana kitufe chekundu mezani

Hana. Ana mkoba unaobebwa na ofisa wa jeshi, na kadi yenye namba za siri za kuthibitisha kwamba ni yeye. Baada ya hapo hahitaji ridhaa ya waziri, jenerali wala Bunge. Kitufe kingekuwa na afadhali, kingeweza kuharibika.

Dhana: Wizara ya Vita ni jina la kichokozi lililobuniwa juzi

Septemba 2025 Trump aliagiza Wizara ya Ulinzi itumie pia jina la Wizara ya Vita, na mrengo wetu ukapiga kelele wiki nzima. Jina hilo lilikuwepo toka 1789 hadi 1947, na vita vyote ambavyo Marekani imewahi kuvitangaza kisheria, tangu 1812 hadi ile Juni 1942, vilitangazwa wizara ikiitwa hivyo. Ilipogeuka kuwa ya ulinzi, matangazo yakakoma na mabomu yakaendelea. Mimi jina halinisumbui sana. Kinachonichekesha ni kwamba kulibadili kisheria ni kazi ya Bunge, na rais alifanya kwa amri yake mwenyewe, bila kura.